Viatu vya Azimio

Farasi wa kijiji aliitwa Azimio. Ranchi ya serikali ilimwona mzee, ikawapa watu wa Gorong'a mwaka wa pili baada ya Operesheni Vijiji, na hapa akaonekana kijana, maana hapakuwa na farasi mwingine wa kumlinganisha naye. Kazi yake ilikuwa kubeba mahindi na wagonjwa kwenda Tarime. Alitunzwa na Stanslaus, aliyewahi kuchunga farasi wa wazungu kule Kitale miaka kumi na moja na hakuacha mtu asahau hilo. Banda lilijengwa kwenye uwanja wa nyumba yake.

Viatu vya chuma alivyokuja navyo vilipochakaa na kudondoka, mkutano uliitishwa. Avishwe vingine, au aende peku?

"Ndugu zangu," alisema mwenyekiti Heche, "punda wetu wanakwenda Tarime na kurudi peku. Huyu ni nani avae chuma, na sisi tumevaa katambuga?"

Watu walicheka. Stanslaus hakucheka. Heche alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Bhoke, na tangu siku ya mahari Stanslaus alimwona kama mtu anayehesabu ng'ombe wa wenzake kwa macho. Leo alijiuliza kwa nini shemeji anautaka sana huo upeku.

Alikuwa na siri. Mara tatu tangu mvua zianze, asubuhi alimkuta Azimio ana jasho lililokauka mgongoni na mkia umejaa vishona nguo. Na mara hizo tatu, watu wa ng'ambo ya mto waliibiwa ng'ombe. Walifuata nyayo mpaka kwenye njia ya punda, zikawapotea. Ukwato mtupu ukishakanyaga kwenye tope la punda, nani atautambua? Lakini chuma huacha alama ambayo hata kipofu angeipapasa akaijua. Na sheria ya nyayo Wakurya wote wanaijua: boma zinapoingia ndilo linalolipa.

Basi akasimama, akazungumzia mawe tu. Kwato zina ufa, akasema. Kule Kitale farasi wa namna hiyo hakuachwa peku. Watu waliguna waliposikia Kitale, lakini mikono iliponyooshwa, viatu vilishinda.

"Haya, shemeji," Heche alisema. "Mvishe viatu vyako."

Hilo neno "vyako" Stanslaus alilitafuna njia nzima.

Fundi Maftah alikuja kutoka Tarime na nyundo yake. Kwa ajili ya ule ufa, kiatu cha mguu wa mbele wa kushoto alikitia kipande cha chuma kukatiza katikati. Alipomaliza alitazama mlango wa banda.

"Mzee Stanslaus, hapa hapana kufuli."

"Liache hivyo hivyo."

Maftah akafunga mfuko wake, na Stanslaus akabaki anajiuliza fundi viatu anataka nini na kufuli.

Hata Bhoke aliona. "Baba Selestine, kuna nini? Unamkagua farasi mara tatu kwa siku, na ng'ombe wako huwatazami."

Ng'ombe hao walikuwa sita, ndio mali yao yote, mahari ya mtoto wao Selestine atakayeoa baada ya mavuno.

"Hakuna kitu," alijibu. Akimwambia yeye, kaka yake atajua kabla chungu hakijachemka.

Siku ya kumi na sita tangu farasi avishwe viatu, asubuhi, wazee wa ng'ambo walikuja na mgambo, macho yao chini. Walikuwa wameibiwa ng'ombe sita, waliokwisha kuvushwa mpaka. Wao walifuata nyayo za farasi aliyerudi. Stanslaus aliwapokea njiani, karibu acheke kwa furaha: alama za chuma zilikuwa wazi, na ile ya kushoto imekatizwa katikati.

"Shikamooni, wazee."

Walipita mbele ya nyumba ya Heche bila kugeuka.

"Tazameni vizuri hapo," aliwaambia.

Hawakuinua macho. Nyayo ziliingia uwanjani kwake, zikaenda moja kwa moja hadi bandani, ambako Azimio alisimama akitafuna majani. Stanslaus alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa mahali farasi anapolala.

Baraza la ritongo, la wazee wanaoamua kesi za wizi, lilikaa papo hapo. Wa kwanza kusema alikuwa Heche.

"Huyu si mwizi. Ni mbishi, ni mgumu, lakini si mwizi."

Stanslaus aliona aibu mpaka masikioni.

"Mwizi simjui," alisema mzee wa ng'ambo. "Viatu nani alivitaka?"

"Mimi. Farasi alirudi na jasho mara tatu. Nilitaka kumnasa mwizi."

"Na banda?"

"Niliacha bila kufuli. Ulikuwa mtego."

"Huo mtego ulimwambia nani? Mmoja tu asimame aseme aliambiwa, sisi tutaondoka."

Stanslaus alimtazama Heche, kisha akamtazama Bhoke aliyesimama mlangoni pa jiko na ungo mkononi, akingoja jina lake litajwe.

"Hakuna," alisema.

"Hata mkeo?"

"Hata mke wangu."

Nani alimpanda Azimio, hakujulikana siku ile wala baadaye. Bhoke aliweka ungo chini, akaenda zizini, akaanza kutoa miti ya lango mmoja mmoja. Ng'ombe wa Selestine wakatoka, wote sita, na Bhoke hakumtazama mumewe.