Uzito wa Mfungwa Alinanuswe

Kila Alhamisi asubuhi Mwalimu Muhidini alipanda lori Uyole, akashuka mbele ya gereza lililo kwenye barabara ya Iringa, na chaki mbili mfukoni. Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu humo: Alinanuswe, aliyebakiza mtihani wa mwisho wa chuo kikuu alipofungwa miaka mitatu kwa kuwaandikia wanakijiji barua ya kukataa kuhamishwa. Chuo kilikubali aufanyie gerezani, Novemba 1956.

Ijumaa wafungwa walipimwa uzito. Kanuni ilikuwa fupi: anayeongezeka hupunguziwa ugali. Baada ya somo la kwanza Alinanuswe aliongezeka ratili tatu. Baada ya la pili, tisa. Lilikuwa somo gumu.

"Mwanafunzi wako ananenepa, Mwalimu," alisema Selemani, dresa wa gereza, aliyewatibu na kuwapima wafungwa. "Unamwingizia mandazi?"

"Namwingizia historia."

"Basi ina mafuta hiyo."

Akapunguza ugali.

Kufikia Agosti mbavu za Alinanuswe zilihesabika juu ya fulana, na mzani ulisema ratili mia tatu na kumi. Benchi likavunjika, akaletewa jiwe la kukalia. Muhidini akajaribu hila. Alhamisi moja alifundisha uongo mtupu, wafalme wasiokuwapo na tarehe za kubuni. Uzito haukuongezeka hata chembe, na Ijumaa mfungwa hakupunguziwa kitu.

"Mwalimu, wiki iliyopita ulinidanganya," alisema Alinanuswe walipoonana tena.

"Nilikulisha, mwanangu."

"Nifundishe."

Akamfundisha.

Mtihani ulichukua saa tatu. Kila ukurasa alioujaza ulimpunguza, na kengele ilipolia wafungwa wanne waliibeba bahasha hadi posta. Karani akaipima, akasoma tangazo ukutani, akawarudishia: uzito umezidi. Ikawekwa stoo ya gereza, kando ya majembe, na sakafu ya saruji ikabonyea. Muhidini alimwandikia mkuu wa gereza barua tatu. Hizo zilikuwa nyepesi, zikafika. Hazikujibiwa.

Ijumaa iliyofuata aliomba ruhusa ashuhudie upimaji. Alinanuswe alipanda mzani akiwa ameshikwa bega, maana upepo ulikuwa unavuma. Ratili arobaini.

"Haya," alisema Muhidini. "Amepungua. Mrudishie ugali wake."

Selemani alifungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akatafuta ukurasa bila haraka.

"Ratili arobaini ni mtoto, Mwalimu," alisema. "Mtoto hupewa nusu."