Msitu Niliouficha

Nimerina asali huku Inyonga miaka thelathini, na hakuna nyuki aliyewahi kuniuma kama nilivyoumwa na ujanja wangu mwenyewe.

Kampuni moja ya hoteli ilitaka uwanja wa gofu kwenye ardhi ya kijiji chetu, ili watalii wakishatazama viboko hifadhini wapate pa kucheza. Mwenyekiti akanichagua mimi, Kassiani, nimtembeze mchoraji wa uwanja. "Wewe ndiye unayelijua pori," alisema. Nilikubali haraka, kwa sababu zangu. Ng'ambo ya kijito nina msitu wa miombo niliorithi kwa baba, na humo nimetundika mizinga arobaini na mbili. Juu ya msitu kuna kilima cha mwamba na nyasi fupi. Nilijiapiza kwamba mtu wa gofu hatapafikia. Anayeongoza njia si ndiye anayechagua pa kutokwenda?

Mchoraji alikuwa mama wa makamo anayeitwa Dorice, mtu wa Moshi, buti zake zimechakaa kuliko zangu. Nilitegemea tingatinga, yeye alishika daftari na penseli tu.

"Madam, unataka kiwanja kikubwa kiasi gani?" nilimwuliza.

"Kwanza nataka kutembea, Kassiani. Mashimo mazuri, yaani njia za kuchezea mpira, yako tayari ardhini. Kazi yangu ni kuyaona, halafu kuyaunganisha, mtu aanzie hapa, azunguke, arudi hapahapa."

Nilicheka moyoni. Gofu nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye televisheni ya kibanda cha chipsi Mpanda mjini, majani yamelala kama mkeka. Uwanja ni uwanja, nikajiambia. Uwe wa mpira au wa gofu, unataka tambarare. Basi siku tatu nzima nikamzungusha kwenye mbuga ya bondeni, tambarare tupu, isiyolimwa na mtu kwa sababu masika maji yanatuama hadi magotini. Nani angeililia mbuga ile? Kila aliponyoosha kidole ng'ambo ya kijito, nilikuwa na jibu.

"Kule mbung'o wamezidi, madam."

Kesho yake nikamwambia kuna nyati aliyejeruhiwa. Mbung'o walikuwepo kidogo. Nyati nilimtunga mwenyewe, na nilimtunga vizuri.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mama huyu akifika katikati ya mbuga alikuwa anaipa mgongo, anatazama juu, anaandika. Alirusha majani hewani aone upepo unakoelekea. Aliuliza jua la Juni linazama upande gani, maana shimo la mwisho halitakiwi kumwelekeza mchezaji kwenye jua la jioni. Nilimjibu yote kwa furaha. Na aandike anavyotaka, nilifikiri, ilimradi miguu yake iko ninapotaka mimi.

Baada ya wiki tatu tukaitwa mkutano wa kijiji, katika darasa la shule ya msingi. Mchoro ulibandikwa ubaoni. Nilisogea mbele nikautafuta msitu wangu. Haukuguswa hata na mstari mmoja! Nilirudi kukaa nikiwa nimevimba kwa fahari, nikamkonyeza mwenzangu tunayerina naye.

Dorice akaeleza. Mbuga haifai, alisema. Itaachiwa maji na ndege. Mpira wa gofu unataka ardhi inayopanda na kushuka. "Lakini nikiwa pale bondeni, kila nikiinua macho naona mteremko mmoja mzuri ajabu. Mashimo sita yanakaa pale bila kuchimba kitu. Namshukuru bwana Kassiani kunifikisha pale. La tisa linaishia kule juu, penye nyumba moja ya bati."

"Hapo ni kwa Eufrazia," akasema mwenyekiti.

Nilisikia baridi, na ilikuwa saa saba mchana.

Eufrazia ni dada yangu wa pekee. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni, akaacha shule kwa ajili yangu. Baba alipofariki, dada alisema msitu nichukue mimi, yeye atalima mteremko ule uliokuwa mawe matupu. Ameokota mawe yale kwa mikono yake miaka ishirini, leo ni karanga na mihogo. Na mimi siku tatu nilisimama chini ya shamba lake na sikuinua macho hata mara moja!

Mwenyekiti akamwita mbele. Alimweleza atapewa shamba jingine, mbali, barabara ya kwenda Tabora, na asipotaka ana haki ya kukataa.

Dada akamwuliza Dorice, "Mlitembea na Kassiani siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Hamkuona pengine?"

"Hatukupata pengine."

Dada akanitazama, akatabasamu. "Basi sina neno. Mdogo wangu angepaona pengine, asingewaleta kwangu. Leteni wino."

Nikamwona anachovya dole gumba, nikamwona analishusha kwenye karatasi ya kukubali, ndipo sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyotaka.

"Pengine papo!"

Darasa zima likageuka. Nikasema yote, nimesimama: kilima, nyasi fupi, mizinga, nyati wa uongo. Hakuna aliyecheka. Dorice alinisogelea taratibu.

"Kilima cha mwamba? Na msitu uko chini yake?"

"Ndiyo, madam."

"Msitu ningeupitia mbali, Kassiani. Nani anapeleka gofu kwenye miti na nyuki? Ningepita juu, kwenye nyasi."

Nilikaa chini bila kujua nimekaa. Kumbe nilikuwa nimeuficha msitu kwa mtu ambaye hakuwa na haja na miti yangu.

Mwenyekiti akasema karatasi inaweza kuchanwa, mwenye shamba akitaka. Dada akaichukua, akaichana mara mbili, akaviweka vipande mezani. Kisha akafuta dole lake kwenye kanga, akamgeukia Dorice.

"Kesho asubuhi nitakupeleka mimi huko kilimani. Njia naijua. Nyie wengine msisumbuke."

Alinipita mlangoni bila kuniita jina.