Kengele ya Pili

Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa tena mbele ya kanisa, vioo vimepandishwa, na hakuna aliyeshuka. Waumini walilipita wakiwa wameinamisha macho, kama watu wanaompita mbwa mkali aliyelala.

Mpiga kengele alilitazama akiwa chini ya mnara, kamba mkononi. Kengele ya kwanza alikwisha kuipiga, ile ya kuwaita watu. Ya pili ilipigwa mchungaji anapopanda mimbarini, ili wagonjwa waliolala majumbani wafungue madirisha na kuomba pamoja na wenzao. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu haikumdai maneno. Alikuwa na kigugumizi kikali. Watu walimtania kwamba salamu yake ya asubuhi humfikia mtu jioni. Mungu amewaita wengine waseme, alijiambia siku zote, mimi kaniita nivute kamba.

Mume wa binti yake alitokea nyuma ya mnara bila kishindo. Siku hizi alivaa viatu vizuri, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anafanya kazi wapi.

"Shikamoo, baba."

"Ma-marahaba."

"Leo kengele ya pili usiisahau. Ipige kama kawaida yako, halafu ukae zako kimya. Wewe na binti yako hamtaguswa."

Akaondoka. Mzee akaelewa. Tangu mchungaji aanze kuyataja mimbarini majina ya vijana waliochukuliwa wasirudi, mtumishi huyo alikuwa akilala leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kuingia kanisani kwa mlango wowote ule. Waliokuwa wakimwinda hawakujua yuko wapi. Kengele ndiyo ingewaambia.

Alimkuta mchungaji katika chumba cha mavazi, akihangaika na kifungo cha joho. Mzee alimweleza yote, neno moja moja, jasho likimtoka, na mchungaji akamsubiri amalize bila kumkatiza kama walivyozoea wengine.

"M-mlango wa nyuma upo," akamalizia, akiuonyesha kwa kidole mlango mdogo wa chumba uliotokea uani.

"Naujua, mzee wangu. Na naogopa, nisikudanganye. Lakini wale akina mama wa benchi la mbele wamekuja kusikia majina ya watoto wao. Nisipoyataja mimi, atayataja nani?"

Mzee alitoka, akauvuta mlango, akazungusha ufunguo kwa upande wa kanisani. Aliona aibu, maana hakuwahi kumfungia mtumishi wa Mungu chumbani. Kisha akaenda kuvuta kamba.

Kengele ya pili ikalia. Mtaani madirisha yalifunguka. Milango ya gari ikafunguka pia.

Mzee alipanda mimbarini. Kanisa zima lilimkodolea macho. Kuna aliyecheka kidogo, akanyamaza. Nyuma ya mlango mchungaji alikuwa anagonga kwa ngumi. Majina mzee alikuwa nayo kichwani, kwa kuwa kila mmoja wa vijana wale alibatizwa siku ambayo yeye alikuwa kwenye kamba. Akafumbua kinywa. Jina la kwanza likamkwama kooni, likagoma kabisa. Mabuti yakaingia kwa mlango mkuu, na mlango ukatiwa komeo.

Alijaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Ndipo mama mmoja wa benchi la mbele akainuka, akalimalizia lile jina alilompa mwanawe mwenyewe. La pili lilipomkwama, waliinuka wengi. Mabuti yakasita katikati ya njia, yakageuka huku na huko, hayajui yaanze na mdomo wa nani.

Hapo akatambua kwamba ngumi mlangoni zimekoma. Huenda mchungaji ameshika njia ya nyuma. Huenda anazunguka kuja mlango mkuu. Mzee hakujua amwombe Mungu lipi kati ya hayo mawili, na machozi yakamtoka.

Viatu vizuri vikaanza kupanda ngazi za mimbari, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Baba," mkwewe alisema kwa sauti ya chini, "shuka."

Mzee alimtazama. Akaushika ukingo wa mimbari kwa mikono yote miwili, kama anavyoishika kamba, akaanza jina la tatu.