Atakuja na Meli Inayofuata

Nimechoka, jamani, tuanzie hapo. Mtu anayetoka mtaa wa Flemingdon Park, huku Kanada, alfajiri, basi juu ya basi mpaka kaskazini ya barabara ya Bathurst, kwenda kumwogesha na kumlisha mzee wa watu, akirudi nyumbani miguu inamwaka moto. Bibi Perla nampenda. Kazi ndiyo imenichosha.

Bibi Perla ni Myahudi wa Poland. Vita vilipokwisha, katika ukoo mzima walibaki yeye na kaka yake Isser tu. Mwaka arobaini na nane, akiwa na miaka kumi, walipangwa foleni na mayatima wengine bandarini Ujerumani, wapande meli ya mvuke kuja Kanada. Kila mtoto alipigwa picha ya mapafu. Hata mimi nilipigwa hiyo picha Dar kabla ya viza, kwa hiyo tusidhani dunia imebadilika sana. Mapafu ya Isser yakaonekana yana doa, akaachwa. Haya alinisimulia Marilyn, binti wa Bibi, maana mama mwenyewe kumbukumbu imeshaanza kumtoka.

Majira haya ya baridi Bibi akaanza kukataa chakula. "Isser yuko wapi? Siwezi kula kabla yake." Asubuhi Isser, mchana Isser, supu inapoa, mimi nimesimama na kijiko kama mwombaji. Daktari alishasema akizidi kukonda atapelekwa hospitali, na kwa umri ule hakuna aliyetegemea atarudi.

Sasa, mimi Elinaza ni Mpare. Kwetu mtu aliye mbali akifiwa haambiwi. Anaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, usihangaike. Akifika ndipo anaona turubai uani. Kwa hiyo mdomo wangu uliijua njia wenyewe. "Kula, Bibi," nikamwambia. "Isser atakuja na meli inayofuata."

Loh! Alikula supu yote, akaomba na mkate. Nikajisifu moyoni, mpumbavu mimi.

Niliporudi kutoka kuosha bakuli nilimkuta dirishani, amevaa koti na kofia, mkoba mapajani. Anasubiri. Nilipombembeleza avue koti alinichapa kofi mkononi. Kesho yake vilevile, na keshokutwa: hali, hanywi, kitandani hataki, macho barabarani kwenye theluji na magari. Nikampigia Marilyn, nikamwambia nilichosema.

Akasema, "Elinaza, ndivyo walivyomwambia Mama gatini, maneno hayohayo. Isser alikufa mwaka uliofuata. Watu wazima wakaendelea kumwambia meli inayofuata, meli inayofuata, mpaka akaacha kuuliza. Hakuna aliyekaa naye akamwambia. Hata mimi sikuweza."

Niliona aibu, na hasira pia, ile hasira yangu ya zamani. Baba yangu alipokufa, dada alinipigia akasema Baba ana malaria kidogo, maliza kwanza kazi zako. Nilipofika Same turubai limeshaanuliwa, wafiwa wametawanyika. Nikaonyeshwa kaburi. Dada huyo mpaka leo naongea naye, ila si kama zamani. Na bado nikamfanyia mwenzangu hivyohivyo! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hata kifo chenyewe tunakificha.

Nikavuta kiti, nikamshika mikono. "Bibi Perla, hakuna meli. Isser alikufa. Alikufa kulekule Ujerumani, ukiwa bado mtoto."

Nilitegemea ukelele. Akaniuliza tu:

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuhurumia, Bibi."

"Haya," akasema. "Nivue koti. Nasikia joto."

Nikamvua. Akataka mkasi niukate kidogo ukosi wa sweta yake, kisha akauchana mwenyewe kwa vidole vyake; kumbe ndiyo desturi yao ya msiba. Akataka na kigoda kile ninachopandia kufuta makabati, maana wafiwa wao hukaa chini. Nikamkalisha pale chini, akalia kwa lugha yake ya utotoni, akalia mpaka nami nikalia. Baadaye nilimletea yai la kuchemsha. Marilyn aliniambia mfiwa wao huanza na yai. Akalila lote.

Kesho yake niliingia na hofu tupu. Akiuliza tena nitafanyaje, nimfishe kaka yake upya kila asubuhi? Hakuuliza. Jina langu alikuwa amelisahau, na siku hakuijua, lakini alikuwa kwenye kile kigoda, na sweta ileile iliyochanika.

"Na wewe umefiwa na nani?" akaniuliza. Sijui aliona nini usoni mwangu.

"Baba."

"Ulimkalia matanga?"

"Hapana, Bibi. Nilichelewa."

Akapigapiga zulia kando yake. Vyombo vilikuwa vimejaa, nguo hazijafuliwa, miguu inaniuma. Nikakaa.