Témoin Asiyewaka

Taa zote ziliamka isipokuwa moja.

Nilikuwa nimezungusha funguo nusu tu, bila kuwasha injini, kama ninavyolifanyia kila gari linaloingia gerejini kwangu hapa Kitshanga, mji unaoniita Mama Courant, mama wa umeme. Funguo nusu, na tablo nyuma ya usukani inajaa taa: oili nyekundu, breki nyekundu, mlango, mkanda, injini ya njano. Taa hizo tunaziita témoin, jina lilelile la shahidi wa ndoa, maana kazi yao ni kuona na kusema. Lakini pale penye kipicha cha batri palikuwa giza.

"Inatuzimikia kila asubuyi," alisema Byamungu. "Nimeweka batri mupya, nayo imeanza kuisha nguvu. Na angalia mwenyewe, Mama Courant, témoin ya batri haiwake hata kidogo. Si batri iko muzima?"

"Papa Byamungu, jirani akinyamaza wiki muzima, unasema iko muzuri, ao unaenda kugonga mulango?"

Alicheka. Mkewe Aurélie hakucheka. Alisimama kando ya gari akitazama barabara, na hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Aurélie na mimi tulikuwa midomo miwili ya mji huu. Nani kaposwa, nani kakataliwa, ng'ombe wa nani kala mihogo ya nani: yote yalipita kwanza kwenye benchi la gereji yangu, sokoni yakafika yamepoa. Siku ya ndoa yake mimi ndiye niliyesimama témoin, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana hadi machozi yakanitoka, watu wakadhani nalia kwa upendo. Tangu siku ile hajaniita Solange tena. Ananiita Témoin, hata mbele ya padri. Na ncha ya benchi iliyo karibu na jiko la chai ilikuwa yake. Mtu akitaka kuikalia, namwambia: "Hapo iko na mwenyewe."

Zamani benchi lile halikutosha. Waendesha pikipiki walikaa juu ya matairi, mama za maharagi wakateremsha mizigo yao "dakika moja" wakaondoka jua likizama. Kisha bunduki zilianza kusikika milimani, karibu, mbali, karibu tena. Watu wakawa wanakuja na magari yao: Mama Courant, angalia kidogo, tuko na safari. Nikaangalia. Kila gari nililoliponya liliondoka na mtu wa benchi langu.

"Tunashuka Goma," alisema Byamungu. "Ubatizo wa mutoto ya shemeji. Siku mbili, tunarudia."

Niliinama chini ya usukani. Katika magari ya zamani ya aina hii, taa ya batri ina kazi ya pili. Ndani ya uzi wake unapita umeme mdogo unaoiamsha alterneta, ile inayoijaza batri injini ikizunguka. Ile ampoule, balbu yake ndogo, ikiungua, alterneta inazunguka usingizini, batri inajila yenyewe, na hakuna wa kukuambia. Nikaitoa. Ilikuwa nyeusi kama punje ya haragi lililosahauliwa jikoni.

Nikaenda nyuma ya gari kutafuta bisibisi ndogo ya Byamungu, maana yangu ilikuwa nene mno kwa tundu lile. Nilipofungua buti, nikaona mwiko wa bugali. Chini ya mwiko, kitenge kimefungwa kuzunguka kitu bapa, na pembeni kitenge kimeteleza. Kona ya kioo. Ndani ya kioo, kiatu changu cha kuazima.

Hakuna mtu anayeteremsha picha ya ndoa ukutani kwa siku mbili.

Nikafunga taratibu.

"Ampoule kama hii utaipata?" Byamungu aliuliza. "Kama haiko, tutabakia. Ile njia, gari haifai kuzimikia mule."

Sokoni hazikuwepo, wauza vipuri walikuwa wa kwanza kukimbia. Iliyobaki ilikuwa moja tu, ndani ya gari langu mwenyewe, ndugu wa hili kwa aina, lililo juu ya mawe nyuma ya nyumba likingoja injini. Neno "haiko" lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno yangu. Neno dogo. Lingemrudisha Aurélie kwenye benchi kesho asubuhi, na chai yake yenye tangawizi nyingi.

Yeye akanitazama, akajua nimeona.

"Témoin," alisema polepole.

"Mwiko, Aurélie? Goma hakuna miiko?"

"Iko. Lakini haijue mukono yangu."

"Sababu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, ningebakia."

Mlio mmoja ulisikika upande wa Mweso, mzito, kama mlango wa ghala. Byamungu aligeuza kichwa. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikarudi na ile ampoule.

Funguo nusu. Zote ziliwaka, na ya batri nyekundu katikati yao. Byamungu akawasha injini, zikazima moja baada ya nyingine, ya batri ikawa ya mwisho. Gari zima ndivyo linavyojulikana: tablo tupu.

"Tutarudia, Témoin," alisema Aurélie dirishani. Nikafuta kioo chake kwa kitambaa cha grisi, nikakichafua zaidi.

Sasa mvua ikinyesha, benchi linalowa lote, ncha hadi ncha. Asubuhi, baada ya chai, naingia ndani ya gari langu la juu ya mawe. Batri yake naijaza kwa paneli ya jua. Nazungusha funguo nusu, na témoin wangu wanakuja kwa mara moja, wote isipokuwa mmoja, wekundu na wa njano, kama watu waliosikia chai imeiva. Nakaa nao. Injini ya kuwazima sina.

Mwezi uliopita alipita mchuuzi kutoka Rubaya na mfuko wa ampoule ndogo. Akachungulia ndani, akaona tundu lenye giza.

"Mama, hapa munakosa moja. Nikuwekee?"

"Acha," nilimwambia. "Hapo iko na mwenyewe."