Sita Walizaliwa, Sita Wako Hai

Attracta Geraghty alikuwa na miaka sabini na moja, na miaka yote hiyo aliambiwa kwamba shangazi yake Celia alikwenda Amerika. Haikuja barua, haikuja picha, haikuja hata kadi ya Krismasi. Mtu akiuliza, baba yake alikuwa akijibu, "Amerika ni kubwa," kisha anatoka kwenda kutazama ng'ombe ambao ameshawatazama.

Majira ya baridi alijifunza kusoma fomu za sensa za zamani kwenye tableti, pale pale kwenye meza ya jikoni. Ya mwaka 1901 babu yake Malachy, baba wa Celia, aliijaza kwa mwandiko mzuri: Celia, binti, miaka kumi na saba. Kwenye ya 1911 Celia hayumo. Hilo halikumshtua, maana aliyekwenda Amerika haandikwi kwao, wilaya ya Mayo. Kilichomshtua ni safu ya pembeni, ambapo mwenye nyumba alitakiwa kutaja mkewe amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Attracta aliwahesabu watoto wa babu kwa vidole mara tatu. Pamoja na Celia walikuwa saba. Babu aliandika: waliozaliwa sita, walio hai sita.

Angekuwa amekufa, pangeandikwa saba na sita. Mzee hakumuua binti yake, alimfuta hadi tumboni mwa mama yake.

Ndipo akatafuta fomu za hospitali ya vichaa ya mwaka huo huo. Wagonjwa huko waliandikwa kwa herufi za mwanzo tu, kurasa kwa kurasa. Akamwona C.G., mwanamke, miaka ishirini na saba, hajaolewa, binti wa mkulima. Akawaandikia watunza kumbukumbu, na jibu likaja na jina zima: Celia Geraghty, aliletwa na baba yake 1906, kwa kuwa anagombana na mke wa kaka yake. Alifia humo 1949. Amerika ilikuwa maili ishirini kutoka jikoni kwao.

Attracta alilia, kisha akakasirika, na hasira ikamfaa zaidi. Ulikuwa mwezi wa Aprili, 2022, na fomu ya sensa mpya ilikuwa juu ya kabati. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku ambapo watu wa nyumba wangeandika neno lolote, lisomwe baada ya miaka mia.

"Festus, nataka jina la Celia kwenye kile kisanduku," alimwambia mdogo wake.

"Dada, acha wafu walale. Unataka wajukuu zangu wasome kwamba tuna wazimu kwenye damu?"

"Kugombana na wifi ndio wazimu? Basi Mayo nzima ingefungiwa."

Festus hakucheka. Siku hizi hakucheka naye kabisa. Wosia wa baba yao ulimwachia yeye shamba na nyumba, ukamwachia Attracta chumba cha nyuma mpaka kufa kwake. Sasa Festus na mkewe Carmel walitaka kumpa mtoto wao nyumba isiyo na Attracta ndani, na kila chakula cha jioni kilikuja na sifa za makao ya wazee kule mjini: joto lake, bustani yake, supu yake. Akufukuzaye hakwambii toka.

Fomu aliijaza Festus mwenyewe. Majella, jirani aliyeajiriwa kuzikusanya, alikuja asubuhi, akakaribishwa chai na mkate wa magadi. Akafungua fomu kuhakikisha imekamilika.

"Watu wawili?" akauliza.

"Wawili," Festus alisema.

Attracta aliweka birika chini. Akachukua fomu mkononi mwa Majella akaisoma. Festus Geraghty. Carmel Geraghty. Basi.

"Majella, hiyo chai kakutengenezea nani?"

"Wewe, Attracta."

"Basi niandike."

Majella alitazama kikombe. "Sahihi ni ya Festus. Mimi nitaandika vipi?"

"Dada, usichukie," Festus alisema, uso umemwiva. "Ni karatasi ya serikali. Mwanasheria akiona kwamba bado unaishi hapa, hatutaweza kumpa kijana nyumba…"

"Mwanasheria! Majella, mwambie huyu bwana fomu hii inafunguliwa lini."

"Baada ya miaka mia," Majella alisema kwa sauti ndogo. "Kabla ya hapo haisomi mwanasheria wala hakimu."

"Umesikia? Umenifuta bure, Festus. Hata faida huna."

Alivuta kiti akaketi. Akachukua kalamu ya Majella. Kwenye kisanduku aliandika: Celia Geraghty alizaliwa nyumba hii, wa kwanza kati ya saba. Attracta Geraghty anaishi nyumba hii, chumba cha nyuma, na mdogo wake hakumwandika.

"Andika unavyotaka," Festus alisema. "Miaka mia ijayo, nani atahangaika kusoma?"

Attracta alikunja fomu akamkabidhi Majella.

"Ya babu nimeisoma mimi," alisema.