Gaël Asishuke Daraja

Yalispor wakicheza, Mama Gaël hukigeuza kiti chake kikatazama ukuta. Anasema akimwangalia mwanawe uwanjani, mtoto huteleza. Basi simu tunaiegemeza kwenye chupa ya shampuu mbele yangu, nami nasuka huku namweleza.

"Sema, Kidawa. Mwana yangu eko wapi?"

"Yupo kushoto, Mama Gaël. Kaupata mpira. Kampa mwenzake. Mwenzake kaupoteza."

"Huyo mwenzake hana mama?"

Saluni ni yake, ipo Rosettenville, karibu na robot, taa za barabarani. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Shule niliiacha Unguja, darasa la nne, na hapa Johannesburg mteja akinisemesha Kiingereza namjibu kwa kichana. Lakini siku za mechi nilikuwa nasema tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na wateja wananyamaza wanisikilize. Firmin, kinyozi Mrundi wa kiti cha mlangoni, aliniita Redio Kidawa. Nilikuwa naona haya, lakini ilinipendeza.

Gaël amekulia mtaa huu huu. Mwaka jana alikwenda Istanbul kuchezea Yalispor, timu ndogo ya Ligi Kuu ya Uturuki, beki wa kushoto. Ligi ilipoanza alimtumia mamake picha ya njia anayopita kila siku kwenda mazoezini, imetandazwa juu ya bahari, imening'inia kwa kamba za chuma.

"Tazama hii pont," Mama Gaël akasema. Yeye ni mtu wa Lubumbashi.

"Kwetu tunaita daraja," nikamwambia.

"Daraja." Neno likamwingia. Kila mteja alionyeshwa: mwana yangu na daraja yake.

Timu ilianza vizuri, hata ikamfunga mkubwa mmoja kwake. Halafu baridi ikaja, kipa akaumia, wakawa wanapoteza tu. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza Firmin alizima mashine yake ya kunyolea.

"Mama Gaël, nisikufiche. Wakiendelea hivi, mtoto anashuka daraja."

Kiti hakikugeuka. "Nani alisema?"

"Uturuki nzima inasema."

"Bo Waturuki banajua mbele ya wakati?"

"Si wanaona jinsi timu inavyokwenda, Mama."

Jioni ile alimpigia Gaël simu akamwamuru asipite tena juu ya lile daraja, apande feri. Gaël ni mtoto msikivu, akapanda feri. Nikadhani ni woga wa mama tu. Jumapili akapeleka ombi kanisani kwao: Gaël asishuke daraja. Firmin, anayesali hapo hapo, alirudi kazini anapiga mluzi.

"Kanisa zima limesimama kutuombea tusishuke. Hata Waturuki wenyewe hawana hilo."

Lakini Mama Gaël alikuwa hali chakula vizuri, na usiku halali. Siku moja akaniambia, "Ligi ikiisha, anarudi nyumbani. Ile nchi itaniulia mwana." Nilifikiria Jumamosi zangu, nikasuka.

Mechi ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano, mchana. Sare ingetosha. Mama Gaël alikuwa amefunga tangu alfajiri. Gaël aliokoa mpira mmoja mstarini, nikamweleza mpaka sauti ikanikauka. Kisha, zimebaki dakika chache, ikapigwa kona na wakafungwa. Filimbi ilipolia, Firmin alivua kofia akatoka nje. Nikabaki mimi wa kusema.

"Sema, Kidawa."

"Pole, Mama Gaël. Tumeshuka daraja."

Akashika ukuta. "Gaël peke yake?"

"Timu nzima."

"Na kocha?"

"Na kocha."

"Yesu wangu. Saa hii beko ndani ya maji?"

"Maji gani, Mama?"

Nikatazama simu: Gaël amekaa kwenye majani, kajifunika jezi usoni. Ndipo ikanijia ile picha, na feri, na maombi. Mtu huyu alikuwa na daraja moja tu, nililompa mimi.

Nikakishika kiti chake, nikakigeuza.

"Mtazame, yule pale. Mzima. Daraja hili si la kupita, Mama. Ni kama darasa. Wamekuwa wa mwisho, wanarudishwa nyuma. Mwakani watacheza la pili."

Alitazama sana. "Hakuna mtu alianguka?"

"Hakuna."

"Banabarudisha darasa la pili."

"Ndiyo."

"Ni hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akapiga kigelegele. Firmin akaingia mbio. "Wamelikataa goli?"

"Hapana, Firmin! Tumeshuka!" Na akamshika mikono wacheze.

"Eish," Firmin akasema. "Dada Kidawa, umemfanya nini huyu mama?"

Gaël alipopiga simu, sauti ilikuwa imemkatika. "Mama, tumeshuka."

"Najua, mwana. Mungu asifiwe."

Gaël akauliza anamsifu Mungu kwa lipi. Ikabidi amweleze yote, na tukamsikia Gaël akicheka, akipenga kamasi, akicheka tena.

"Kwa hiyo nisirudi?"

"Urudi kufanya nini? Mtoto akirudishwa darasa, anasoma tena. Weye cheza."

Akatuma watu walete magwinya, maandazi ya huku, na soda, na kila aliyeingia kutoa pole alipewa sahani. Firmin alisema msiba umemziba koo, kisha akala kuliko sisi sote. Mimi nilimalizia kichwa cha mteja aliyekuwa amebaki na nywele nusu tangu ile kona.

"Kidawa," Mama Gaël akaniita, mdomo umejaa. "Hiyo ya pili, banaionyesha kwenye simu?"

"Sijui, Mama."

"Tafuta."

Nikatafuta. Wanaionyesha, ila kamera ni moja, nayo imewekwa mbali. Wachezaji wanaonekana kama punje za mchele. Nimeshaanza kuangalia mechi zao za zamani, nijizoeshe macho.